Nimekaa kijiweni na Boxer, nimekaa kwenye msafara wa pikipiki kubwa, na dharau nimeziona kote

Nilianza boda mwaka 2013, pikipiki aina ya Boxer ya bosi, mkataba wa mwaka na kitu ndo iwe yangu, jioni lazima hesabu, yaani hela ya bosi ya kila siku, iwe mkononi iwe mvua iwe jua. Sasa hivi nina pikipiki kubwa ya mtumba yenye rimu za spoku, na wikendi natoka na wenzangu tunakula lami mpaka Morogoro. Yaani nimekaa pande zote, na kuna kitu kinaniuma: sisi wa pikipiki tunadharauliana kuliko hata watu wa magari wanavyotudharau.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2019 kijiweni kwetu, upande wa Kimara, tulikubaliana kwamba dogo wa apu, yaani boda anayeitwa na abiria kwa simu, akija kupakia karibu na sisi tunachomoa funguo. Asubuhi moja akaja kijana mmoja, helmeti mbili safi, simu kaifunga kwenye usukani kwa raba ya tyubu, anampakia mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Mimi ndo nikachomoa funguo. Ilikuwa imefungwa kamba nyekundu ya kiatu, naikumbuka mpaka leo. Nikamwambia atoe elfu tano. Hakugombana, aliniangalia tu akasema, "Kaka, hii nayo ya mkataba kama ya kwako." Yule mama akashuka, tukamwita apande kwetu akakataa, akaondoka na mguu na mtoto wake mgongoni, kwa hiyo siku ile kichwa, yaani abiria, tulikikosa wote na mtoto akachelewa hospitali kwa sababu yangu.

Mwaka uliofuata corona ikaingia, abiria wakapungua, na mimi nikapakua apu. Ikawa zamu yangu kujificha, namwambia abiria atembee mpaka kwenye duka la dawa ndo nimpakie, huku naangalia nyuma kama mwizi. Hapo ndo nikajua uzito wa nilichokifanya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa viongozi wa vijiwe: kaeni na hawa madogo muongee mapema, msisubiri ugomvi. Kijiwe nilichohamia baadaye tulikubaliana hivi: kushusha abiria ni popote, hakuna wa kukuuliza, lakini kupakia unasogea mbele kidogo uache foleni ya wenzako ipumue, basi. Na wenye simu nzuri pale kijiweni wakafundishwa apu na hao hao madogo. Ugomvi uliisha kabisa. Maana mnagombea nini hasa? 2022 kulipotokea mvutano wa kamisheni wanayokatwa madereva na kampuni za apu, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikaishusha hadi asilimia 15 na Uber ikasimamisha huduma nchini, kuna watu wa vijiweni nilisikia wanashangilia eti mmeyataka wenyewe. Mwenzako anakosa hela ya hesabu we unacheka, na kesho bei ya mafuta ikipanda unataka muandamane pamoja!

Haya, njoo upande wa pikipiki kubwa, huku dharau imevaa jaketi zuri. Kuna siku kwenye grupu letu mtu aliandika kwamba bodaboda wasiruhusiwe kuunga msafara kwa sababu wanaharibu picha. Watu wakaweka dole. Na mimi nilinyamaza, jamani, mimi niliyelishwa na boda miaka yote ile.

Haikupita muda tukawa tunarudi kutoka Morogoro, nimepita Chalinze kidogo, tairi la nyuma likaanza kucheza. Pancha. Wenzangu walikuwa wametangulia, simu haishiki. Pikipiki tatu kubwa zisizo za grupu letu zikanipita, wananipungia mkono kabisa. Aliyesimama ni kaka wa boda, pikipiki aina ya TVS, mwenye magunia mawili ya mkaa nyuma. Akashusha mkaa wake chini mmoja mmoja, akatoa spana mbili akazifanya ndo vyuma vya kung'olea tairi, akachovya tyubu kwenye dimbwi kutafuta tundu, akasugua na kipande cha msasa, solusheni, kiraka, akakandamiza na gumba huku ananiuliza kama nimekula. Saa nzima! Nikamtolea elfu ishirini, akachukua elfu tatu, akasema kiraka ndo bei yake hiyo. Nilipowasimulia wenzangu, mmoja akaniuliza, "Na hukuogopa boda kukushikia pikipiki?" Niliumia sana.

Sasa watu wa pikipiki kubwa, sikilizeni. Mnachojua nyie boda wengi hawajafundishwa. Breki ya mbele kwa mfano, vijiweni tunarithishana kwamba itakupindua, kwa hiyo mtu anakanyaga ya nyuma tu, tairi linaserereka, anaenda kuingia chini ya lori. Wakati ukifunga breki uzito mwingi unahamia mbele na nguvu kubwa ya kusimama iko hapo hapo, unaibana taratibu kisha unaongeza, pikipiki ikiwa imenyooka. Na wao wanajua msichokijua: konda akishaning'inia mlangoni na mkono chini, hiyo daladala inaingia kushoto sasa hivi bila indiketa. Hiyo elimu hamuipati kwenye helmeti ya laki tisa.

Dharau ndogo ndogo ziko nyingi, wa Boxer anamcheka wa pikipiki ya mchina, mwenye pikipiki yake anamwita mwenzake deiwaka, yaani wa kushikia ya mtu kwa siku, kama tusi. Ila moja naomba ife leo: dada akija na pikipiki yake acheni kumuuliza kanunuliwa na nani. Muulize anatumia oili gani.

Mimi nilichofanya, niliomba uwanja wa shule mtaani kwetu, nikawaita jamaa wa grupu na vijana wa kijiweni tufanye mazoezi ya breki. Jumapili ya kwanza walikuja wawili tu. Ya pili wakaja saba, na mmoja ana pikipiki ya deiwaka, akaomba tumalize kabla ya saa nne maana hesabu inamsubiri. Tukakubaliana tuwe tunaanza saa moja kamili.