Kabla ya kumkatia mtoto tiketi ya msimu, uliza atakaa wapi

Kila ligi ikikaribia kuanza, wazazi wenzangu huku Kireka, nje kidogo ya Kampala, huniuliza swali lile lile: klabu fulani inauza tiketi ya msimu ya watoto kwa bei nafuu, nichukue au niache? Wananiuliza mimi kwa sababu wananiona Jumamosi nikipanda teksi, yaani basi dogo la abiria, na watoto wawili waliovaa jezi, na mtaani kwetu mama anayekwenda mpirani na wanawe bado hutazamwa mara mbili. Jibu langu ni moja. Bei iache kwanza. Niambie mtoto atakaa wapi.

Si kwamba bei haina maana. Mimi ni mtu wa kuhesabu senti, nimekulia kambini Jinja ambako mshahara wa baba ulikuwa na kazi zake kabla haujafika. Kwa hiyo tuanze na hesabu, tuimalize, tuingie kwenye jambo lenyewe.

Ligi Kuu yetu ya Uganda ina timu 16, maana yake kila timu inacheza nyumbani mara 15. Kiingilio cha jukwaa la kawaida mara nyingi ni shilingi 5,000 au 10,000. Tuseme klabu inakuuzia kadi ya mtoto ya msimu mzima kwa 45,000. Ukigawanya kwa 15 unapata 3,000 kwa mechi, unajiona umeokota. Sasa toa mechi za katikati ya wiki zinazoanza saa kumi jioni, mtoto yuko darasani au ndiyo kwanza anatoka. Toa Jumamosi za harusi na kwanjula, ile sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwao, na Kampala hizo haziishi. Toa siku ambayo mtoto ana mafua. Ukibakiwa na mechi 6, kila moja imekugharimu 7,500. Kanuni yangu ni nyepesi: chukua bei ya kadi, igawanye kwa kiingilio ambacho mtoto angelipa getini, na jibu ndilo idadi ya mechi ambazo lazima uende ili usipate hasara. Kama getini mtoto analipa 5,000, kadi ya 45,000 inakudai mechi 9. Utazimudu?

Na getini penyewe kuna mambo. Viwanja vyetu vingi havina umri ulioandikwa ukutani. Askari anampima mtoto kwa macho, akiona kichwa hakijafika kiunoni mwa mama yake anasema pita. Mdogo wangu amepita hivyo mara nyingi bila kulipa chochote. Kwa hiyo uliza kwanza klabu inamhesabu nani kuwa mtoto wa kulipa, usije ukamkatia kadi anayepita bure.

Kisha kuna shule za bweni. Hili ndilo linaloua tiketi za msimu za watoto Uganda, na sijasikia klabu ikilizungumzia. Ligi kwa kawaida huenda kutoka Septemba hadi Mei. Muhula wa tatu huanza Septemba na kwisha mapema Desemba, wa kwanza huanza Februari hadi mwanzoni mwa Mei. Mtoto wa bweni anarudi nyumbani Desemba na Januari, ambapo ligi nayo hupumzika kwa sikukuu, halafu anarudi Mei mechi zikiwa zimebaki za kuhesabu. Kama mwanao analala shule, usinunue kadi ya msimu hata wakikupa kwa nusu bei. Lipa getini likizo ikifika. Kadi ni ya mtoto wa shule ya kutwa.

Angalia pia kama timu ina nyumba yake. KCCA wako Lugogo, Vipers wako Kitende kwenye uwanja wa St. Mary's, ukiamka asubuhi unajua pa kwenda. SC Villa, pamoja na mapenzi yote tuliyonayo kwa Jogoo, kama tunavyoiita, na shangwe ya ubingwa wa 2024 baada ya kuusubiri miaka 20, haina uwanja wake. Mechi zake za nyumbani zimewahi kuchezwa uwanja wa Wankulukuku na zimewahi kuchezwa Namboole, uwanja wa taifa. Kwa kijana mwenye boda yake hilo si neno. Kwa mzazi anayepanga teksi mbili, chakula na saa ya kulala, ni neno kubwa. Shabiki wa Villa atanisamehe: kadi ya msimu ya mtoto ina thamani zaidi pale ambapo uwanja haubadiliki.

Hesabu imeisha. Sasa kiti.

Mtoto wa miaka sita hatazami mpira kama wewe. Anatazama mgongo wa mtu aliye mbele yake. Goli likinukia, wanaume wote wanasimama, na yeye anakosa kile kitu kimoja alichokuja kukiona. Wa kwangu wa pili, mara za mwanzo, alikuwa akiniuliza "Mama, nani kafunga?" huku uwanja mzima ukiruka. Ndipo nikajifunza kuchagua mahali kabla ya kuchagua mechi.

Ninachotafuta kwanza ni mstari wa mbele kabisa, au mstari unaofuata njia ya kupita watu, kwa sababu hapo hakuna anayesimama mbele yako kwa muda mrefu. Watu wazima hawapendi mstari wa mbele, wanasema hauonyeshi mchezo vizuri. Waachie maoni yao. Mtoto anataka kuona kiatu kikigonga mpira na kusikia kipa akiwafokea mabeki, hizo mbinu za kocha atazielewa akikua.

Pili ni jua. Mechi ya saa kumi jioni, jua linakuwa upande wa magharibi na linazidi kushuka. Ukikaa upande wa mashariki linakupiga usoni mpaka filimbi ya mwisho. Kaa magharibi, uligeuzie jua mgongo. Majukwaa yenye paa mara nyingi yako upande huo, na mara nyingi ndiyo yanayoitwa VIP. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi: ni afadhali kwenda mara chache na kukaa chini ya paa kuliko kwenda kila wiki na kuwaanika watoto kwenye ngazi za zege. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ndiyo hiyo hiyo miezi ya ligi. Mtoto aliyelowa dakika ya 20 amemaliza mechi, na wewe umemaliza naye.

Tatu ni choo. Kuna uwanja mmoja, sitautaja, ambapo choo cha wanawake kilifungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo akawa amekwenda kutazama mpira. Tangu hapo nikifika tu, kabla ya kukaa, ninakwenda kukiangalia choo kwa macho yangu. Kama kiko upande wa pili wa uwanja, tunahamia upande wa pili.

Nne ni majirani. Tangu pombe za vifuko zipigwe marufuku mwaka 2019 hali imekuwa na nafuu kidogo, lakini kijana aliyeweka pesa ya kubeti kwenye mechi hahitaji pombe kutukana. Matusi ya Kiluganda watoto wangu wanayajua yote, na mwalimu wao wa kwanza ni jukwaa. Ukisikia kundi linabishana kuhusu tiketi ya kubeti, sogea mbali mapema, mechi haijaanza.

Na hili la tano si la starehe. Mkesha wa mwaka mpya kuamkia 2023, watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana, walikufa kwa kukanyagana pale Freedom City, jengo la maduka barabara ya Entebbe, katika msongamano wa watu waliokuwa wametoka kutazama fataki. Januari 2022 watu 8 walikufa kwenye lango la uwanja wa Olembe, Yaoundé, wakati wa Kombe la Afrika, na miongoni mwao walikuwemo watoto. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa amekaa kwenye kiti. Mahali pa hatari ni mlangoni. Kwa hiyo fika saa moja na nusu kabla ya mechi, ingia geti likiwa jepesi. Ukikuta watu wameshaanza kusukumana, rudi nyuma, hata kama tiketi iko mkononi na timu zinaimba wimbo wa taifa. Kutoka pia, usikimbilie. Wengi hushauri kuondoka dakika ya 80. Mimi nashauri kinyume chake: baki umekaa dakika 20 baada ya filimbi, wape watoto kilichobaki kwenye mfuko wa chakula, uwanja ujitoe wenyewe. Agosti 2025 kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Uganda ilikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Afrika Kusini pale Namboole, ikasawazisha 3-3 kwa penalti mbili za dakika za mwisho. Jirani yangu alikuwa ametoka mapema kuwahi teksi, kelele akazisikia akiwa barabara ya Jinja.

Namboole ya sasa, baada ya matengenezo yale, ina viti kila upande, na kwa mzazi hilo ni badiliko kubwa kuliko nyasi na taa. Lakini kiti chenye nambari hakijawa kiti cha mtu. Mwambie mwanamume wa makamo "samahani ndugu yangu, hapa ni pangu, tazama nambari", atakutazama kama umemwomba kiwanja cha baba yake. Mpaka wasimamizi wa uwanja waanze kuwainua watu kwa nambari, jukwaa la familia litakuwa maandishi tu kwenye bango.

Wenzetu Uingereza wanapenda kusifiwa kwa tiketi za watoto za bei nafuu, na ni kweli klabu nyingi huko zinazo. Tunasahau walikotoka. Klabu ya Watford, chini ya kocha Graham Taylor miaka ya 1980, ilitenga eneo la familia wakati viwanja vingi vya huko bado vilikuwa mahali pa wanaume kusimama na kupigana. Baadaye likaja balaa la msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough mwaka 1989, lililoua watu 97, na ripoti ya uchunguzi ya 1990 iliyofanya viwanja vya ligi ya juu kuwekwa viti kote. Bei ya mtoto ilipata maana kwa sababu mahali pa kukaa palikuwepo, na kwa kawaida tiketi ya mtoto kwenye jukwaa la familia huuzwa pamoja na ya mtu mzima wa kukaa naye. Huku kwetu tunaanza na punguzo, tunachapisha kadi yenye picha ya mchezaji, halafu mtoto anaachiwa ngazi ya zege ile ile.

Kwa anayeanza na watoto wadogo, mimi nisingeanza na Ligi Kuu hata kidogo, na dabi ya Villa na Express ningeiweka mbali kabisa. Anza na ligi ya wanawake. Kiingilio ni kidogo au hakuna, watu si wengi, unachagua kiti unachotaka, na wachezaji wakimaliza wanawasalimia watoto. Binti yangu aliwaona Kawempe Muslim, timu ya ligi hiyo, wakicheza na tangu siku hiyo hataki kuambiwa mpira ni wa kaka yake. Tazama kama mtoto anamaliza dakika 90 bila kudai kwenda nyumbani. Akishindwa, umeokoa pesa ya kadi.

AFCON ya 2027, yaani Kombe la Afrika, inakuja hapa Uganda pamoja na Kenya na Tanzania, na maneno kuhusu familia viwanjani yatakuwa mengi. Usisubiri maneno. Sisi wazazi wachache wa Kireka tulikwenda kwenye ofisi ya klabu moja tukiwa na orodha ya majina ya watoto na umri wao, tukaomba kona moja ya jukwaa chini ya paa, kamba ya kuizunguka na msimamizi mmoja. Punguzo hatukuomba. Walitupa kona na msimamizi. Kamba tulinunua wenyewe sokoni. Baada ya hapo wao ndio walioanza kuzungumzia bei ya watoto, kwa sababu waliona viti vinajaa mechi ambazo kwa kawaida havijai.

Mkitaka kufanya hivyo, nendeni katikati ya wiki, msiende siku ya mechi, maana siku hiyo kila mtu ofisini ana simu mbili masikioni. Nendeni wawili au watatu, mmoja wenu awe mwalimu kama mnaye. Ombeni kuoneshwa mahali penyewe, mpakalie, mtazame mbele kama goli zote mbili zinaonekana mtu akisimama mstari wa chini. Mkiambiwa "tutaangalia", chukueni jina la aliyesema na nambari yake ya simu, mumpigie Ijumaa.