Nilitoka kwenye foleni ya Uhura

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni haki msanii kumtoza shabiki pesa ili amtilie sahihi au apige naye picha. Nimeona wengi wamejibu kwa hasira: huo ni uroho, mashabiki ndio waliomfanya awe alivyo, sasa anawauzia jina lake. Mimi najibu ndiyo, ni haki. Ila siku nilipotakiwa kuitoa hiyo ndiyo mfukoni nilisema hapana, nikageuka nikaenda zangu.

Ni miaka kumi na kitu sasa. Nilikuwa naishi karibu na Chicago, nafanya kazi ya ghala, zamu ya usiku. Mwenzangu mmoja kazini, mgonjwa wa filamu za anga za juu, alinivuta Jumamosi moja twende kwenye tamasha la mashabiki. Kwa asiyewahi kufika, chukua maonyesho ya Sabasaba uyahamishie ndani ya ukumbi mmoja wenye kiyoyozi, utoe matrekta na vyerehani, halafu ujaze watu wazima waliovaa masikio ya plastiki yaliyochongoka, askari wa sayari zisizokuwapo, na baba mmoja aliyejipaka rangi ya kijani kuanzia kipara hadi kucha akila soseji. Upande mmoja meza zimepangwa safu, kila meza na jina lake juu, na nyuma ya kila meza ameketi mwigizaji. Unapanga foleni, unachagua picha kwenye marundo, unalipa, anakutilia sahihi, mnasemezana maneno mawili matatu, unampisha mwingine.

Meza tuliyoifuata sisi ilikuwa ya Nichelle Nichols.

Vijana huenda hawamjui. Ndiye aliyekuwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo Enterprise katika Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1966 na kukatizwa 1969 baada ya vipindi 79. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji na mcheza dansi, amezunguka hata na bendi ya jazi ya Duke Ellington. Kwenye televisheni ya Marekani ya miaka ile mwanamke mweusi ukimwona, mara nyingi yumo jikoni kwa watu. Huyu alikaa chumba kimoja na nahodha, ana cheo, kidude cha chuma sikioni, na ujumbe wote wa chombo unapita kwake.

Na jina lake ni letu. Mwenyewe amesimulia kwamba alipokwenda kwenye usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kuhusu Kenya iliyokuwa ikielekea kujitawala. Jina la kitabu: Uhuru. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno, likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Hapa sisi wenye lugha tuna kesi. Mtu ni huru, hali yake ni uhuru, na hakuna kokote kwenye ngeli zetu ambako mwanamke huongezewa a ya kike mwishoni. Lakini ukitazama tarehe unasamehe. Tanganyika ilijitawala Desemba 1961, Kenya Desemba 1963, na neno hilo lilikuwa limevuka bahari. Mwaka huohuo wa 1966, Desemba, Wamarekani weusi walisherehekea Kwanzaa, sikukuu yao ya kuenzi asili ya Kiafrika, kwa mara ya kwanza, wakihesabu umoja, ujima, ujamaa, kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimeshika moto kule kabla baadhi yetu hatujajua kuwa kina bei. Kwenye tamthilia yenyewe Uhura anakizungumza: katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa anasemezana Kiswahili na kiumbe kilichojigeuza mwanamume mweusi, na katika kingine, baada ya kufutiwa kumbukumbu na mtambo, anafundishwa kusoma upya na akichoka anarudi kwenye Kiswahili. Matamshi tuyaache.

Basi nipo kwenye foleni. Nilikuwa nimejiandalia hotuba fupi kuhusu hiyo a. Nilikuwa pia na sababu nyingine: mtoto wa kaka yangu, aliyeko Tanga, anaitwa Nyota. Ni jina la marehemu mama yetu, halina uhusiano wowote na televisheni. Ila Uhura naye, katika vitabu na baadaye katika filamu ya 2009, alipewa jina la kwanza, na jina lenyewe ni Nyota. Nikasema nitampelekea mwanangu sahihi yenye jina lake. Dada mmoja wa kujitolea alikuwa akipita kwenye foleni na vikaratasi vya njano vyenye gundi, anauliza kila mtu sahihi iandikwe kwa jina la nani, anaandika kwa herufi kubwa ili mama wa watu asihangaike na tahajia. Nikasema Nyota. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyempa mwanawe jina la gari. Nikajaribu kumweleza habari za mama yangu, akatikisa kichwa kwa upole, akaenda kwa mwingine.

Mbele yangu kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama minane, amevalishwa gauni jekundu la Uhura, mikono mirefu kuliko yake. Amekumbatia picha aliyoichora mwenyewe. Nilichoweza kukiona cha mwigizaji kati ya mabega ya watu ni mkono tu, na maka peni ya rangi ya fedha ikienda na kurudi. Foleni ikapinda, nikaiona karatasi ya bei. Nikaibadilisha kichwani kuwa shilingi, kosa ambalo kila mhamiaji analijua. Ilikuwa chakula changu cha wiki. Nikamwambia mwenzangu nitamsubiri nje. Nikaondoka na kikaratasi changu mfukoni, nikijisifu kuwa mimi si mjinga wa kununua wino.

Miaka iliyofuata nilisoma habari zake kidogokidogo, na kila nilichokisoma kilinirudisha kwenye ile foleni. Mikataba ya waigizaji wa enzi ile iliwalipa kwa marudio machache ya mwanzo tu. Tamthilia yenyewe ilipata umaarufu hasa baada ya kukatizwa, kwa marudio, vituo vikiionyesha mchana na jioni mwaka nenda mwaka rudi. Kila mara sura yake ilipotokea kuna mtu alipata pesa, na mtu huyo hakuwa yeye. Katika kitabu cha maisha yake cha 1994 anasimulia jambo lililoniuma zaidi: wafanyakazi wa chumba cha barua pale studio walimwambia kuwa barua za mashabiki wake zinakuja kwa wingi, ila wameagizwa wasimpe. Fikiria. Watu wamekaa wameandika, wamelamba stempu, wametuma, na aliyeandikiwa anadhani hakuna anayemwona.

Na karibu aondoke. Baada ya msimu wa kwanza alimwambia Roddenberry kwamba anaacha, anarudi kwenye jukwaa la muziki. Wikiendi hiyohiyo akaenda kwenye hafla ya kuchangisha fedha ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akaambiwa kuna shabiki wake mkubwa anataka kumsalimia. Akageuka akitarajia kijana fulani wa Star Trek. Alikuwa Martin Luther King. Kwa simulizi yake, King alimwambia hiyo ndiyo tamthilia pekee ambayo yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kukesha kuitazama, na aliposikia anataka kuacha alimkatalia katakata. Jumatatu akarudi kazini.

Naitaja kwa sababu wanaowacheka mashabiki wa foleni wanasahau kuwa aliyemrudisha mwanamke huyu kazini alikuwa shabiki. Barua zilizozuiwa kwenye chumba cha posta zilikuja kumfikia kwa miguu. Januari 1972 mashabiki wenyewe waliandaa mkutano mkubwa wa kwanza wa Star Trek, hotelini New York. Walitarajia watu mia chache, wakaja zaidi ya 3,000. Tamthilia ilikuwa imekufa miaka mitatu. Kutoka hapo mikutano ikawa kazi: wikiendi mji huu, wikiendi mji ule, ukumbi, hoteli, uwanja wa ndege. Waigizaji wengine waliona aibu, kama mwanasoka wa timu ya taifa anayeitwa kucheza ndondo. Nichols aliifanya karibu nusu karne.

Na kama bado unadhani ni mchezo wa wenye masikio ya plastiki, shika hili. Mwaka 1975, kwenye mkutano wa aina hiyo Chicago, alimsikiliza mwanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, Jesco von Puttkamer, akieleza mipango ya kwenda anga za juu. Akaona kwamba katika hiyo mipango hakuna anayefanana naye. Akaanza kulisema hadharani, na 1977 NASA wakamwajiri kupitia kampuni yake, Women in Motion, azunguke nchi nzima kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. Maombi yaliyopokelewa yalipita 8,000. Kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 lilikuwa na wanawake sita, akiwamo Sally Ride, na wanaume weusi watatu, Guion Bluford, Frederick Gregory na Ronald McNair. McNair na Judith Resnik, mmoja wa wale wanawake sita, walifia ndani ya Challenger, chombo cha anga kilicholipuka mwaka 1986, jambo ambalo wanaosimulia habari hii kwa furaha huliruka. Baadaye akaja Mae Jemison, aliyemtazama Uhura akiwa mtoto Chicago, akasomea udaktari, akafika hadi Kenya katika masomo yake, na Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu. Zamu zake kule juu alizifungua kwa maneno ya Uhura ya kutangaza kuwa mawasiliano yako wazi.

Sasa turudi kwenye pesa, maana ndilo swali. Sisi tunajifanya kushangaa jambo tulilozaliwa nalo. Nani amewahi kwenda kwenye taarabu akarudi nyumbani na noti zake zote? Wimbo unakukolea, unainuka, unakwenda mbele kwa mwendo wa madaha, unamtuza mwimbaji mbele ya watu, na noti inakuwa jibu lako kwa ule wimbo, au kwa jirani aliyekaa meza ya pili. Hakuna anayesema mwimbaji mroho. Tofauti ya meza ya Marekani ni kwamba bei imeandikwa na hakuna kucheza. Nakiri inapunguza utamu.

Kuna tofauti nyingine ambayo hainipi raha. Anayetuza anaweka noti mkononi mwa mwimbaji. Kule pesa inapokelewa na msaidizi, inaingia kisandukuni, na wewe hujui safari yake. Nichols alipata kiharusi 2015, na 2018 ikajulikana kuwa ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu; watu wake wa karibu wakafikishana mahakamani juu ya nani asimamie mambo yake. Meza haikukoma mara moja. Alikuwa amevuka miaka themanini na mitano, na bado foleni. Mashabiki wanasema alizipenda mno foleni hizo, na mimi naamini. Lakini "ndiyo" yangu hapo inapungua sauti. Msanii kutoza, sawa. Msanii mgonjwa kutozeshwa, hilo ni swali lenu la wiki nyingine.

Desemba 2021 aliagwa kwa siku tatu kwenye tamasha la mashabiki la Los Angeles, na hakuhudhuria tena. Alifariki 30 Julai 2022, akiwa na miaka 89. Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilipakiwa kwenye roketi, ikarushwa kutoka Florida, na sasa inalizunguka jua. Sisi wengine hata kupata tiketi ya kwenda Tanga Desemba ni kazi.

Kile kikaratasi cha njano nilikuta nimekihifadhi kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, gundi imeshajaa nyuzi. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilimpa mwenyewe. Ameshakuwa mtu mzima, anafundisha sekondari. Akakitazama mbele na nyuma.

"Baba mdogo, hii ndiyo sahihi yake?"

Nikamwambia hapana, aliyeandika ni dada wa foleni.

"Lakini jina langu kalipatia," akasema, akakichomeka kwenye kioo cha kabati.