Kabla ya Kuupeleka Mwani Kwenye Kina

Nililima mwani kwa vigingi hapa Jambiani, Unguja, kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kuuhamishia kwenye kina, ambako kamba huelea kwa maboya. Sababu ilikuwa kotonii, aina ya mwani. Kilimo cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, aina hiyo, ambayo bei yake huishinda ya spinosamu, aina nyingine ya mwani, ilistawi ufukweni. Lakini siku hizi maji yakipwa wakati wa kaskazi hupata joto kali, ncha za mmea huwa nyeupe, hulainika, na hukatika ukizigusa tu. Kwenye kina maji hubaki ya baridi zaidi, na mwani huelea karibu na uso wa bahari, unapopata mwanga.

Anayetaka kuhama aanze na nanga, kisha ndiyo afikirie mbegu. Mwaka wangu wa kwanza nilizamisha mifuko ya mchanga na kuzipima kamba zake maji yakiwa yamekupwa. Lilipofika bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari ilipanda zaidi ya mita tatu, kamba zikawa fupi, maboya yakavutwa chini, na mkondo ukaing'oa mifuko yote. Asubuhi nilikuta chelezo, yaani kamba zangu pamoja na maboya yake, kimejisokota kwenye mwamba, taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, zimekatika, na mwani wa wiki tano umesagika. Tangu hapo hupima kina siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, kisha huongeza urefu kidogo. Na kwa kuwa kamba ndefu hukifanya chelezo kitembee maji yanapopwa, huacha nafasi ya kutosha kati yangu na jirani.

Wakati wa kusi kagua kila fundo, hasa pale kamba inaposuguana na boya, na uukung'ute mwani ili uchafu usiuzibie mwanga. Kuvuna ni baada ya wiki sita hivi, kama kawaida.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni kwamba wengi wetu tunaolima mwani ni wanawake, na wengi hatukufundishwa kuogelea, ilhali shamba la kina hufikiwa kwa mtumbwi. Dada yangu, usipande mtumbwi huo kabla hujajua kuogelea. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na mitatu, siku za maji mafu, bahari inapopanda na kupwa kidogo tu, upande wa ndani wa mwamba, nimekumbatia dumu tupu la lita ishirini huku binti yangu akinishika kiunoni.