Muulize Mwalimu: Obama alikuwa seneta wa wapi hasa?

SWALI: Mwalimu habari ya masiku. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Kisumu, steji yetu ni Kondele. Juzi tumekaa tukingoja abiria, mzee mmoja akasema ati Obama alipoanza siasa alikuwa kama MCA tu, yule mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, hakuna useneta hapo. Nikamwambia mzee wacha hizo, kule Kogelo, kijijini kwa babake, shule imeandikwa Senator Obama, hiyo wataandikia MCA kweli? Mambo ikachemka mpaka abiria wakapanda tuktuk ya mwingine. Nimeweka soda mbili kwa hii maneno. Nani amekosea? Na ni ukweli alikuwa wakili wa kortini ama alisoma tu sheria akaweka cheti kwa ukuta? – Dereva, Kondele

JIBU: Soda moja lipa, moja ulipwe, omera, manake nyinyi wote mmeshika mkia wa ng'ombe mmoja.

Obama alikuwa seneta mara mbili, kwa mabunge mawili tofauti. Ile ya kwanza ni Seneti ya jimbo la Illinois, aliapishwa Januari 1997 akiwakilisha wilaya ya 13 upande wa kusini wa Chicago, akakaa huko mpaka Novemba 2004. Ya pili ndio ile ya Washington, aliingia Januari 2005, na hiyo ndio watu wetu walikuwa wanaimbia alipokuja Kisumu na Kogelo Agosti 2006 na bibi yake wakapimwa virusi vya ukimwi mbele ya umati. Jina la shule ni la huyo wa pili. Mzee wa steji yeye alikuwa anaongea juu ya huyo wa kwanza, ambaye watu wengi wanamruka tu, ni kama kijana alitoka Kogelo akashukia Ikulu ya Marekani.

Sasa hiyo ya MCA. Mzee yuko karibu lakini hajafika. Kweli ni bunge la chini ya lile la taifa, linakaa mji unaitwa Springfield, kama kilomita 320 hivi kutoka Chicago, kwa hivyo Obama alikuwa anaendesha gari anaacha familia nyumbani siku kadhaa, jioni anacheza karata na waheshimiwa wenzake. Lakini bunge lenyewe lina nyumba mbili, maseneta 59 na wawakilishi 118, na nguvu yake si ya kaunti. Bunge letu la Kaunti ya Kisumu linaweza kukupangia ada ya kuegesha hiyo tuktuk na leseni ya kibanda cha sokoni, lakini haliwezi kusema mshukiwa wa mauaji ahojiwe namna gani, hiyo ni ya Nairobi. Kule jimbo ndilo linaandika sheria ya mauaji, ya wizi, ya miaka ya jela, yote.

Na hapo ndipo kazi yake iko, mimi kwa maoni yangu hiyo sheria moja ya 2003 inanifurahisha kuliko hotuba zake zote. Illinois walikuwa na aibu kubwa, kutoka 1977 walikuwa wameua watu 12 kwa hukumu ya kifo na wengine 13 waliokuwa wamehukumiwa kifo wakapatikana hawana makosa, hebu fikiria hiyo hesabu, mpaka gavana George Ryan mwaka wa 2000 akasimamisha kutekeleza hukumu hizo. Shida moja ilikuwa ni watu kukiri makosa ndani ya chumba cha polisi, wako wao wawili watatu na mlango umefungwa, halafu kortini huyu anasema nilipigwa na yule anasema alikiri kwa hiari yake. Obama akaleta mswada useme kesi ya mauaji mahojiano yote yarekodiwe, kamera iwake kutoka mwanzo, si ile ya kuwasha mtu akishachoka na yuko tayari kusema chochote. Polisi wakakataa, waendesha mashtaka wakakataa, hata gavana mpya hakuwa anaupenda. Jamaa hakuenda kuwatukana kwa redio, alikaa nao chini wakabishana neno kwa neno mpaka ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani bunge lake kupitisha kitu kama hicho.

Usifikirie ilikuwa hivyo miaka yote. Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa upande wa wachache na miswada yake mingi ilioza kwa kamati. Akachoka, 2000 akajaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa bunge la taifa, akapigwa mbili kwa moja. Mwaka huo huo akaenda Los Angeles kwa mkutano mkuu wa chama, kufika kukodisha gari kadi ikakataa, na ndani ya ukumbi hakupata hata pasi ya kuingia kwa wajumbe, akarudi nyumbani kabla mkutano kuisha. Miaka minne baadaye ndio huyo anahutubia mkutano kama huo Boston, dunia nzima inauliza ni nani huyu.

Kuhusu uwakili, alikuwa wakili kweli. Alimaliza sheria Harvard 1991, kutoka 1993 akafanya kazi na kampuni ndogo ya mawakili Chicago, kesi za haki za wapiga kura na wafanyikazi. Moja yenye utaipenda wewe wa leseni: walishtaki jimbo lenyewe la Illinois kwa sababu lilikataa kuandikisha watu kura pale wanapochukua leseni ya udereva, na sheria ya taifa ilisema waandikishwe. Wakashinda. Lakini si wakili wa kupiga kelele mbele ya jaji, nyingi ilikuwa kuandika na kutafuta vifungu, na pembeni anafundisha katiba Chuo Kikuu cha Chicago, miaka 12. Kule ubunge wa jimbo unahesabiwa kama kibarua cha nusu siku hivi, watu wanabaki na kazi zao. Hata huku si jambo geni, Orengo alikuwa seneta wa Siaya na bado ndiye alisimama Mahakama ya Juu 2017 ile kesi ya urais ikafutwa.

SWALI: Nasikia hiyo kura yake ya kwanza hakupigana na mtu, ati aliwatoa wote. Huo si wizi? – Msomaji, Siaya

JIBU: Si wizi lakini pia haikuwa upole. Kule ukitaka jina liingie kwa karatasi unapeleka sahihi za wapiga kura, kama mgombea huru wa huku anavyotakiwa kuwa na sahihi 500 kwa wadi ama 1,000 kwa eneobunge. Watu wa Obama walikagua sahihi za wenzake wa mchujo wa chama moja moja, wote wanne wakakosa kutosha, pamoja na Alice Palmer aliyekuwa anashikilia kiti hicho, ambaye mwanzoni alikuwa amemuunga mkono. Mama alikuwa amesema anaachilia kiti, akabadilisha nia, na huyu kijana akakataa kutoka. Kama ni mimi ningeona aibu kidogo.

SWALI: Mwalimu, kwa nini kegi ya Senator watu wa Kisumu waliita Obama? – Mama wa hoteli, Nakuru

JIBU: Ilitoka 2004, mwaka ule ule jamaa alikuwa anapigania useneta wa Washington, watu wakaanza tu kusema nipe Obama moja. Dereva, huyo mzee akikuambia shule ilipewa jina la pombe, hiyo soda usilipe.