Kuirekebisha miguu ya mpira kabla ya kuifunga kwenye ndoano

Kwa miaka kadhaa nilifunga nzi bandia, yaani chambo cha kuvulia samaki kinachofungwa kwenye ndoano kikafanana na mdudu, katika karakana moja jijini Nairobi, tukilipwa kwa dazeni, na karibu kazi yetu yote ilisafirishwa kwenda kwa wavuvi wa samaki aina ya trauti wa Ulaya na Marekani. Miguu ya wadudu hao, ambayo ni nyuzi za mpira, ilitufikia katika pakiti ikiwa imekwisha kutiwa rangi, nasi tuliifunga kama ilivyokuja. Nilipoanza kujifungia chambo changu kwa ajili ya mito ya Aberdare, ambako trauti walipandikizwa katika mto Gura mwaka 1905, ndipo nilipotambua kwamba mguu uliokusudiwa mito mipana ya Montana, Marekani, ulikuwa mnene na mgumu mno kwa panzi bandia mdogo wa ndoano namba 10, anayetupwa katika maji membamba na tulivu.

Mguu wa mpira hauvutii samaki kwa umbo lake, bali kwa mtikisiko wake. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria rangi, tafuta mpira unaochezacheza. Chambo cha zamani cha Montana kiitwacho Girdle Bug kilipata jina lake kutokana na mikanda ya kubana tumbo iliyovaliwa chini ya nguo, ambayo nyuzi zake za mpira ndizo zilizofanywa miguu. Nami nilifuata njia hiyohiyo kwa lastiki ya kiunoni: nilifumua uzi wa nje hadi nikaupata mpira wa ndani, ambao ni mwembamba na mwepesi kutikisika. Si kila lastiki inafaa, kwani nyingine haina mpira wa kawaida ndani yake, bali nyuzi za sintetiki zinazofanana na nywele. Nilijaribu pia tyubu ya baiskeli, ile tuliyotengenezea manati utotoni, lakini tyubu nyingi za siku hizi ni za mpira wa butili, ambao huhifadhi upepo vizuri ila ukivutwa hurudi kwa uvivu. Vipande nilivyovikata vilikaa majini kama vijiti.

Katika kutia mistari, aina ya mpira ndiyo inayoamua. Mpira wa asili huupokea wino wa maka (kalamu nene ya wino) isiyofutika, ilhali silikoni, ambayo ni mpira wa kutengenezwa viwandani, huukataa, na wino uliokauka juu yake hubanduka kwa kusuguliwa na kidole; kwa sababu hiyo, silikoni ninainunua ikiwa na rangi yake tayari. Ninapochora mpira wa asili, huubana ncha moja kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, huuvuta hadi karibu mara mbili ya urefu wake, kisha huipitisha maka kwa kuuzungusha uzi wote, nikiacha nafasi zisizolingana sana. Ukiachiwa, mistari hujikusanya na kukolea, ikawa myembamba kuliko ambavyo mkono wangu ungeweza kuichora moja kwa moja. Baada ya hapo ni lazima uachwe ukauke kabisa, maana wino mbichi huchafua manyoya na uzi wa kufungia, na chambo kizima huharibika kwa pupa ya dakika chache.

Mguu wa nyuma wa panzi unahitaji goti, nalo ni fundo la kawaida, isipokuwa kwamba ninalikaza taratibu nikitumia sindano kulisogeza mahali ninapolitaka, kwa sababu fundo likishakaza halisogei tena. Wakati wa kuufunga mguu ubavuni, zungusha uzi mara mbili tu bila kuubana, uuelekeze mguu, ndipo ukaze. Anayekaza kwa nguvu tangu mwanzo ataona miguu ikisimama wima, au ikikatika palepale. Usiikate ikiwa imevutwa, kwani ikirudi itakuwa mifupi kuliko ulivyokusudia. Nami, nisemavyo kwa uzoefu wa kuharibu, huiacha mirefu hadi nitakapokitia chambo katika beseni la maji. Ikiwa upande mmoja ni mrefu au mnene kuliko mwingine, chambo kitazunguka kinaporushwa na kuusokota uzi wa mwisho wa mshipi.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa la uhifadhi. Niliweka kisanduku cha panzi zaidi ya dazeni mbili kwenye kizingiti cha dirisha lililopigwa na jua, na baada ya majuma kadhaa miguu ya mpira wa asili ilikuwa imepasukapasuka, ikivunjika kwa kuguswa, ilhali ile ya silikoni haikuwa na dosari. Tangu hapo mpira wa asili ninauweka gizani, ndani ya mfuko uliopakwa poda kidogo ili nyuzi zisigandane, na sigusi miguu hiyo nikiwa na mafuta ya kujipaka mikononi, kwa kuwa mafuta ya petroli huuvimbisha na kuulegeza.