Alfajiri ya Mwanza imegeuka chokaa

SWALI: Nachora Mwanza kwa akriliki kwenye turubai ya sentimita 50 kwa 70, nikifuata picha niliyopiga asubuhi ndani ya kivuko cha Kamanga: Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani, mbele, nyumba za mlimani nyuma. Nataka ule utulivu wa alfajiri. Nimepaka nyeupe nyembamba juu ya milima ionekane ina ukungu, imekuwa kama chokaa. Nakosea wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kasoro imeanza kabla ya ukungu. Kwenye mchoro uliotutumia, jiwe linang'aa rangi ya chungwa upande wa ziwani. Ukitokea Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kuja mjini unatazama mashariki. Alfajiri jua liko nyuma ya mji, na upande wote unaouona uko kivulini. Mwanga ukipingana na saa, ukungu hauwezi kuokoa picha.

Basi anza na jiwe. Ukipima weusi kwa ngazi 1 (nyeupe) hadi 10 (nyeusi), lipe 8, nyumba 5, milima 3. Kitu kingine chochote kisifike 8.

Nyeupe nyembamba juu ya rangi nzito hupoa na kugeuka samawati ya vumbi. Ukungu uchanganywe ndani ya rangi yenyewe: sehemu 2 za bluu ya ultramarini, 1 ya kahawia ya siena, kisha nyeupe hadi ngazi ya 3. Kijivu hicho kiingie kidogo kwenye kila rangi, hata ya anga. Ndicho kinachoufanya mji uonekane uko ndani ya hewa moja. Akriliki hukolea ikikauka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye karatasi na usubiri.

Madirisha yafute yote. Mabati ya paa yabaki: yametazama juu, yanapokea mwanga wa anga, yawe mepesi kuliko kuta.

Majini, taswira ya jiwe ishuke wima na iwe nyepesi kidogo kuliko jiwe. Taswira ya anga ikolee kidogo kuliko anga. Lainisha kingo kwa brashi safi yenye unyevu kabla rangi haijashika. Kwa joto la Mwanza hizo ni dakika chache tu, kwa hiyo paka kipande kidogo kidogo, chupa ya kupulizia maji ikiwa mkononi.

Na lile tanga jeupe la mashua, upande wa kulia wa mchoro wako, nalo liko kivulini. Lipe kijivu cha ngazi ya 4.