Mtihani Unaoahirishwa Kila Mara

SWALI: Mtihani wetu wa takwimu umeahirishwa mara kadhaa, na safari hii tangazo lilibandikwa mlangoni tukiwa tumekwisha kupanga foleni, kalamu mkononi. Kila tarehe inaposogezwa huanza kusoma upya ukurasa wa kwanza, na sasa hata kulifungua daftari sitaki. Nifanyeje?

JIBU: Una haki ya kukasirika, ndugu msomaji. Hata hivyo, acha kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunayojifunza husahaulika upesi mwanzoni, ilhali marudio yaliyoachanishwa kwa siku huyadumisha zaidi kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo ucheleweshaji huu, ingawa unaudhi, waweza kukufaa iwapo utalifunika daftari na kukokotoa maswali bila kuchungulia, kisha urudie yale tu yaliyokushinda. Siku nyingine pumzika kabisa.

Kuhusu ofisi ya mitihani, manung’uniko ya mdomoni hupotea hewani. Andikeni barua moja kupitia kiongozi wa darasa, mtaje tarehe zote zilizofutwa, muulize sababu, na mwombe kwamba badiliko lolote litangazwe mapema na kwa maandishi. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.